Mbio za Asubuhi na Mjomba Ramazani

Maua ya miembe ya Ujiji yana harufu ya asali iliyoanza kuchacha. Wenzangu waliipenda, kwangu mimi ilikuwa harufu ya taabu. Kila kiangazi, miembe ya mtaani kwetu ilipofunikwa na maua na vumbi la barabara ya Kigoma lilipoanza kutulia juu ya mabati, pua yangu ilitiririka bila kukoma. Nilipiga chafya mpaka mbavu zikauma, macho yakavimba na kuwasha, na nikilala kifua kilitoa mluzi mwembamba uliomfanya mama aamke kunitazama. Siku hizi watu husema mzio. Sisi tulisema mafua ya kiangazi, na dawa yake nyumbani ilikuwa kukaa ndani. Mama alinikataza kukimbia, kuruka kamba, hata kufagia uwanja. Niliwatazama wenzangu wakicheza rede kupitia dirishani, kitambaa mkononi, nikiamini kwamba miguu yangu ilikuwa ya kutembelea tu.

Ndipo vita vya ng'ambo ya ziwa vikatuletea Mjomba Ramazani. Alikuwa mdogo wake mama, wa tumbo moja, mchezaji mpira wa mji wao kule Baraka, kijana mrefu mwenye mapaja kama ya farasi. Alishuka kwenye boti na mfuko mmoja wa plastiki, ndani yake shati, suruali na viatu vya raba vilivyolowa. Halafu asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki uani, upepo ukaleta lile vumbi la maua, naye akapiga chafya mfululizo mpaka mswaki ukamponyoka. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu habari za vita zifike. "Hiyo ndiyo pua ya baba yetu," alisema. "Na huyu mwanangu ameirithi vilevile." Mjomba akaniangalia kwa macho mekundu yanayotoa machozi kama yangu, tukatambuana.

Alipoanza kukimbia asubuhi, alitaka anichukue. Mama alikuja juu. "Utaniulia mtoto, Ramazani. Husikii kifua chake?"

"Dada, mimi nina pua hiihii, kifua hikihiki," alijibu kwa upole, "na nimecheza mpira maisha yangu yote. Kumfungia ndani ndiko kunakomdhoofisha. Akichoka tutatembea. Akishindwa nitambeba."

Basi tukaanza. Kiangazi tulitoka kabla magari hayajaamsha vumbi, kila mmoja amejifunga puani kitambaa kilichoraruliwa kutoka kanga kuukuu na kuloweshwa maji. Tulishuka hadi ziwani, tukayakwepa maeneo ya kuanikia dagaa, kwa sababu vumbi lake nalo lilituwasha, tukakimbia pale maji yanapogusa mchanga, ambapo hapapandi vumbi hata kidogo. Kifua kikianza kupiga mluzi tulitembea tukizungumza mpaka kitulie. Tukirudi, alinifundisha kuosha pua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nami nilikuwa nikilia na kucheka kwa pamoja. Zilikuwapo asubuhi ambazo sikutaka kabisa kuamka. Hakunilazimisha. Alikaa kizingitini akasema, "Vaa viatu tu, mama. Ukishavaa, kama hutaki, vua." Kwao ng'ambo mtoto wa kike huitwa mama kwa mapenzi, na nilipenda kuitwa hivyo. Nikishavaa viatu sikuwahi kuvivua.

Mvua zilipoanza, nilidhani mazoezi yamekwisha. Matope yalinata, nguo hazikauki, na blanketi langu lilikuwa na harufu ya ukungu iliyonipigisha chafya upya. Mjomba alifungua mlango, akavuta pumzi ndefu. "Mvua imeifua hewa," alisema. "Twende tuivute ingali safi." Na kweli, asubuhi za masika nilikimbia kuliko wakati mwingine wowote. Moshi na utusitusi wa kiangazi vilikuwa vimeondoka, na milima ya Kongo ilionekana ng'ambo ya ziwa, ya kijani kibichi, karibu kana kwamba ukipaza sauti mtu wa kule angekuitikia. Mjomba alipunguza mwendo kila tulipofika mahali pa kuiona vizuri. Mwisho wa masika mwalimu wetu wa michezo aliniona nikikimbia, akaniandika katika timu ya shule. Mama alipoambiwa alikwenda jikoni kulia, akadai ni vitunguu.

Halafu likaja tangazo kwamba wakimbizi waliokaa mjini wahamie kambini. Mjomba aliondoka na wenzake kwa lori, kwa njia ya Kidahwe, kuelekea Kasulu. Nilibaki nikikimbia peke yangu. Likizo ilipofika, katikati ya kiangazi, mama alinichukua twende kumwona. Vumbi jekundu la njia ile lilitufanya wote wawili tufanane na matofali. Nilikuwa nimebeba viatu vyangu, kwa sababu nilitaka aone jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Kesho yake alfajiri nilivivaa, nikamsubiri nje ya kibanda chake. Alitoka, akavitazama, akasita. "Hapa watu hawakimbii, mama," alisema. Nilidhani hata yeye ameshikwa na uvivu. Nikamjibu kwa maneno yake mwenyewe, kwamba avae viatu tu. Akatabasamu, akalowesha vitambaa viwili.

Tulikimbia katikati ya safu za vibanda, moshi wa mafiga ukiwa umetanda chini. Alikuwa mzito kidogo mwanzoni, kisha miguu ikakumbuka. Aliongeza mwendo, nami nikamfuata nikicheka. Ndipo niliposikia vishindo nyuma yetu. Niligeuka. Mwanamke alikuwa akikimbia na mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono, mguu mmoja peku. Nyuma yake mzee, nyuma ya mzee vijana, na milango ikifunguka, watu wakitoka na magodoro na masufuria, bila kelele, wakikimbia tu upande tuliokuwa tukielekea sisi. Mjomba alisimama, akaivua kanga puani, akainua mikono yote miwili.

"Hapana, bandugu! Hakuna vita! Ni mazoezi tu! Mimi na mtoto, ni mazoezi!"

Yule mwanamke alifika, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akakaa chini palepale. Mtoto aliyemshika mkono alikuwa amejikojolea. Hakuna aliyetutukana. Nafikiri matusi yangekuwa nafuu. Mjomba alikwenda kwa kila mmoja akiomba radhi, akamsaidia yule mzee kurudisha godoro lake. Kisha akaja kwangu. "Wanatuita wakimbizi," alisema polepole. "Hapa watu wakiona mtu anakimbia hawaulizi sababu." Tulirudi tukitembea. Hakukimbia tena miaka yote aliyokaa kambini, na ilikuwa mingi.

Mimi niliendelea. Leo nina vidonge vya mzio kwenye mkoba na viatu vizuri, na Jumapili ninakuta vikundi vya watu wakikimbia kutoka Mwanga hadi Ujiji kwa fulana za rangi moja, wakiimba, magari yakiwapisha. Pua bado inanisumbua kila kiangazi, na bado ninatoka. Mjomba alirejea kwao akiwa na nywele nyeupe na mwili ulionenepa kwa kukaa. Walipomkuta na sukari, daktari alimwambia afanye mazoezi, na binti yake aliponisimulia kwa simu nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka. Alikubali kutembea tu. Alifunga lango la ua kwa ndani, akawa anaizunguka nyumba kila asubuhi, taratibu, mahali ambapo hakuna jirani aliyeweza kumwona, mpaka alipokufa.