Moshi Uliolala Juu ya Nyumba ya Yaya

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Lubumbashi, mkurugenzi wa utafiti alinionyesha skrini yenye mchoro wa moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Hewa yote mchoroni ilikuwa imekatwa vyumba vyumba vya hesabu.

"Kompyuta inaonaka tu mizunguko mikubwa ya hewa," aliniambia. "Ile midogo, ya ndani ya chumba, haionake. Weye njo utakadiria nguvu yake."

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii leo, shikeni hapo. Mizunguko hiyo midogo ndiyo inayochanganya moshi na hewa safi. Ukiipa nguvu isiyo nayo, moshi unapotea kwenye skrini, na watu huku chini wanauvuta.

Kuikadiria nguvu hiyo tulitumia kizidishi kimoja kwa majira yote, kilichopimwa kwenye nchi za upepo. Lakini asubuhi za Juni hapa kwetu hewa ya chini ni ya baridi, inagoma kupanda, na mizunguko midogo inakufa. Nikaiandikia nguvu hiyo mlinganyo wake: inavyozaliwa, inavyosafirishwa, inavyogeuka joto, inavyonyongwa na baridi. Kwenye skrini moshi ukashuka juu ya mtaa wa chini ya bomba la moshi. Dada yangu mkubwa, Yaya Godelive, alikaa hapo na wajukuu zake.

Mkurugenzi aliitazama picha, akavua miwani. "Hii iko kweli," alisema. "Lakini client, wale wa kiwanda, alishakubali ile hesabu ya kwanza. Bomba murefu, nani atajenga? Uache vile."

Nilikasirika, nikapeleka matokeo kwa mkuu wa kiwanda mwenyewe. Wakanihamishia Kambove kupima hewa ya mashimo ya migodi, na huko nikamalizia utumishi wangu.

Yaya nilimwambia bila kumficha. Alicheka. Baba yetu, aliyetuachia nyumba hiyo, alikuwa mfanyakazi wa tanuru la kiwanda hicho.

"Nyumba ya papa, niiache juu ya kompyuta? Ile moshi njo ilitulisha."

Yaya alikufa kwa kifua, msimu wa baridi. Bado inaniuma.

Siku hizi nasikia mlinganyo wangu unatumika, kuchagua mahali pasipofikwa na moshi pa kujenga makazi ya wakuu wa kiwanda. Mimi nimestaafu, nakaa kwa Yaya na wajukuu aliowaacha, maana sina pengine pa kuwapeleka. Asubuhi za baridi natoka kwanza peke yangu. Nikikuta moshi umelala uani, hawaendi shule. Mdogo wao ameshaanza kukohoa kama bibi yake.