Kofia Isiyo na Tundu Utosini

Chumba cha Mama Hawa kilinukia karafuu. Aliziweka kwenye sanduku la nyuzi ili wadudu wasile sufu, na kila alipofunua kifuniko, harufu ile ilitoka ikachanganyika na ya kitambaa kilichopigwa pasi ya mkaa. Alikuwa fundi cherehani pale Kimisagara, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Kigali na biashara ya nguo. Kiswahili chake kilikuwa kirefu na laini, na baba yangu, aliyekulia Tanzania, alipenda kusimama mlangoni kwake ili azungumze tu.

Nilikuwa na miaka kumi, shule zimefungwa, mvua zikinyesha karibu kila mchana, mama alipojifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kiume, na hospitali haikumruhusu kutoka. Mama alibaki naye, akimlaza kifuani ngozi kwa ngozi ili apate joto. Watoto hatukuruhusiwa kuingia wodini. Kila asubuhi baba alipakia chupa ya uji kwenye pikipiki ya kukodi akaenda, na mimi nikaachwa kwa Mama Hawa. Kila jioni nilimuuliza baba swali lilelile: mtoto anaendeleaje?

"Anapumua mwenyewe," alinijibu. "Ila ni mdogo sana, mwanangu."

Wauguzi walitaka mtoto avae kofia wakati wote. Za sokoni zilimfunika mpaka kidevuni, kwa hiyo Mama Hawa akamfumia moja siku ileile. Lakini kofia moja haitoshi: ikilowa, ikifuliwa, mtoto anabaki kichwa wazi. Nikasema ya pili nitaifuma mimi. Nilijua kufuma mkia mrefu wa vitanzi, kama watoto wengi wa mtaani kwetu, nikadhani kazi imekwisha. Niliunganisha vitanzi vinne nikapata duara, nikaendelea kuzunguka, nikampelekea kwa majivuno. Mama Hawa akapitisha kidole chake kidogo katikati, kikatokea upande wa pili.

"Hii ni ya mtu mzima," alisema. "Utosi wa mtoto haujafunga. Hapa juu ndipo pasiingie hata upepo."

Akanionyesha namna nyingine ya kuanza. Unazungusha uzi kwenye vidole viwili, unavuta kitanzi kimoja kwa sindano ya kroshia, kisha unafuma mishono sita kuzunguka pete hiyo ya uzi. Halafu unavuta ncha iliyoning'inia, na pete inajifunga mpaka tundu linapotea kabisa. Mikononi mwake ilikuwa kama mtu anayefumba jicho. Mikononi mwangu iliachia. Kila nilipovuta ile ncha, mishono yote ilifumuka na kubaki uzi mtupu mapajani.

Shida ilikuwa mkono wangu. Mimi hutumia mkono wa kushoto, imoso kama tunavyosema huku, na shuleni nilikuwa nimeshachapwa vidole kwa sababu hiyo. Mama Hawa naye alianza kwa kuniambia nishike sindano kwa mkono wa kulia. Nilijaribu siku mbili, sindano ikinitoka kama kijiko cha mtoto anayejifunza kula. Niliporudi kwenye wa kushoto nilimwiga nikiwa nimekaa ubavuni pake, na uzi ukazunguka kinyume, ukapishana pasipofaa. Siku ya tatu nilisikia shangazi akiongea na baba uani, akisema tujiandae kwa lolote. Niliingia ndani nikafuma, ikafumuka, nikafuma tena, ikafumuka, nikaitupa sakafuni na kulia.

Mama Hawa hakunibembeleza. Alinyanyua kigoda chake kutoka ubavuni pangu, akakiweka mbele yangu, akakaa mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nisamehe, binti yangu. Nilikuwa nimekaa pabaya," alisema. "Sasa fanya kama unajitazama kwenye kioo. Mkono wangu ukienda huku, wako uende hukohuko."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu mzima akiniomba radhi kabla ya siku hiyo. Nikazungusha uzi. Akaniambia sindano ipite chini ya nyuzi zote mbili, pete na ile ncha, la sivyo hakuna kitu cha kukaza. Moja, mbili, mpaka sita. Nikavuta. Duara likajifunga taratibu, likawa kitu kigumu, kidogo, kama kifungo cha shati. Nililitazama kwenye mwanga wa dirisha na halikupitisha hata nukta.

Nilifuma siku mbili, kwa uzi wa njano uliobaki kwenye sweta ya mtu. Tuliipima kofia kwa chungwa. Baba akaiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo, akaenda. Jioni alirudi akiwa na uso tofauti. Muuguzi, alisema, aliigeuza ndani nje akauliza ni fundi gani ameifuma. "Nikamwambia ni dada yake," baba alisema, na akalirudia hilo kwa kila jirani aliyepita.

Baada ya wiki nyingi mama alirudi na mtoto akiwa hai, mzito kuliko tulivyotarajia. Alinishika mkono ule wa kushoto, akaubusu.

"Mkono huu umekuwa kichwani kwake muda wote," alisema.

Ndugu yangu sasa ni mrefu kuliko baba, anatengeneza vitanda Gisozi na hujigonga kichwa kwenye vizingiti vya juu vya milango. Mimi nafanya kazi ofisini Kacyiru. Siku hizi mtu akitaka kujifunza pete ile anafungua simu na kutazama video mara kumi, na ni jambo jema. Mwezi uliopita nilipandishwa cheo. Wenzangu walipiga makofi, nikashukuru, nikarudi mezani kwangu. Nilifurahi kweli. Ila furaha hiyo ilikuwa na wengi ndani yake: wakubwa, karatasi, bahati. Ile ya Kimisagara ilikuwa ya mwanamke mmoja aliyekubali kuhama mahali pake na msichana mmoja aliyekataa kuacha, na mpaka leo sijapata nyingine inayoifikia.