Wimbo Usiomwaga Maji

Enzi zetu kule Ganze, wimbo mzuri ulijulikana kwa mabega makavu. Maji tuliyateka lamboni, mwendo wa saa nzima na ushee kutoka nyumbani, na wanawake walirudi wamejitwika madumu na madebe huku wakiimba. Nyingi kati ya nyimbo hizo zilitungwa na shangazi yangu Kadzo, dada mkubwa wa baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alitunga akitembea. Wimbo mpya ulipoiva kichwani mwake aliujaribu njiani, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuweka majani ndani ya debe. Niwaeleze mliokulia kwenye mabomba: kijitawi kikielea juu ya maji, maji hayarukiruki.

"Toeni majani," Shangazi aliamuru. "Yanaficha makosa ya wimbo."

Tukifika nyumbani alitukagua mabega mmoja mmoja kama askari kwenye gwaride. Yakiwa yamelowa, hakuzilaumu shingo zetu. Aliulaumu wimbo, na kesho yake tuliukuta umebadilika.

Mimi nilitembea mkiani na kidumu changu kilichowahi kuwa cha mafuta ya kupikia. Harufu yake haikuisha kamwe. Hata chai ya kwetu ilikuwa na ladha ya chapati ambazo hatukuzila. Mbele yangu kulikuwa na vumbi, visigino vya wanawake, baiskeli zenye magunia ya makaa zikitupita, na sauti ya Shangazi ikitangulia yote.

Nilipokuwa darasa la sita akaja Mwalimu Mutua, kijana kutoka bara, suruali yake imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate. Alikuja na kitabu chenye picha za watunzi wa kale wa Ulaya, wanaume waliovaa nywele nyeupe za bandia. Tulibishana wiki nzima kama wale ni bibi zake. Alitusimulia maisha yao kama anayesimulia habari za majirani. Mmoja aliliandikia kanisa lake muziki mpya Jumapili baada ya Jumapili huku nyumba ikiwa imejaa watoto. Mwingine masikio yaliziba kabisa, lakini akaendelea kutunga, akizurura mashambani na daftari mfukoni.

"Kama Shangazi!" nikaropoka.

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza shangazi gani huyo.

Muda si mrefu tukaambiwa kwamba mkubwa mmoja wa serikali angezuru shule yetu, na kijiji kizima kilitaka kumwomba jambo moja tu: bomba la maji. Wazee wakaandaa hotuba. Mwalimu akasema wakubwa husinzia kwenye hotuba, afadhali waimbiwe. Akauchagua wimbo wa Shangazi wa lambo, ambao kiitikio chake cha Kigiriama kilikuwa na maana ya "Ewe lambo, mngoje wa mwisho." Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na kiburi cha kutosha, nilipewa kazi ya kuuandika.

Shangazi alikubali kwa sharti moja. "Uupeleke wote, Sidi. Usinipunguzie."

Nilimpunguzia. Katikati ya wimbo, pale njia inaposhuka kwenye korongo la mawe, wanawake walikuwa wakinyamaza. Hatua kumi na mbili bila sauti, nyayo na pumzi tu, kisha wimbo unaendelea ng'ambo ya pili. Nikajiuliza, mtu ataandikaje kitu ambacho hakipo? Nikakiruka. Nikaziunganisha beti mbili kama msomi, nikapeleka karatasi, nikasifiwa mbele ya darasa.

Mwalimu akaupanga wimbo kwa sauti nne. Mimi nikawa mwanzishaji. Wiki moja baadaye Shangazi akatokea kwenye mazoezi.

"Shikamoo mama," akasema Mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mtoto wangu."

Tukamwimbia huyo mtoto wake. Alisikiliza mkono kiunoni hadi mwisho. "Haya, watwikeni maji."

"Mama, hii ni kwaya."

"Na huo ni wimbo wa maji. Watwike, baba, utaniambia."

Ndoo zikaletwa kutoka jikoni, tukauzunguka uwanja tukiimba. Kufika ubeti wa tatu sare zetu zilikuwa zinachuruzika, na sauti ya nne yote inapiga chafya.

"Umemfanya nini?" Shangazi akauliza. "Mbona hapumui?"

"Nimefuata karatasi, mama. Kila neno liko hapa."

"Basi imbeni karatasi. Wangu usiimbwe."

Akajifunga leso akaondoka. Mwalimu akabaki akiitazama karatasi, nami nikivitazama vidole vya miguu yangu. Nilijua kosa liko wapi, na sikusema. Nilikuwa mtoto mwenye mwandiko mzuri; watoto wa aina hiyo hawakosei.

Siku ya mgeni, Mwalimu hakuwa na wimbo mwingine uliokwisha kuiva. Tukapanga mistari. Shangazi alikuwa ameketi katikati ya wanawake, uso ameugeuzia ukuta. Nikaanzisha. Tulipolifikia lile korongo la wimbo nilimwona bado ameugeukia ukuta, na mdomo wangu ukafunga wenyewe.

Wenzangu wote walikuwa wateka maji. Hawakuhitaji kuambiwa. Kwaya nzima ikanyamaza, miguu ikaendelea kukanyaga. Mikono ya Mwalimu ilibaki hewani kama ya mtu ambaye kuku amemponyoka. Mgeni, akidhani tumemaliza, akapiga makofi peke yake, mara mbili, kisha akaona hakuna anayemfuata, akaificha mikono magotini. Hatua ya kumi na mbili ilipotimia tukaingia kwa pamoja: "Ewe lambo, mngoje wa mwisho." Shangazi alikuwa ameshageuka, anatutazama.

Baadaye nilikiri kosa langu mbele ya Mwalimu na Shangazi. Mwalimu akashika kichwa. "Si ungesema tu! Kunyamaza kuna alama yake!" Akafungua kitabu, akanionyesha jinsi wale bibi zake wa Ulaya walivyojaza kurasa zao kimya, kila kimya kwa kipimo chake. Shangazi alipitisha kiganja begani mwangu, ingawa sikuwa nimebeba kitu.

"Kavu," akasema.

Bomba lilikuja baada ya miaka mingi, mimi nikiwa chuo kikuu. Liliwekwa karibu na mlango wa Shangazi, na hakutunga tena. Nilipomuuliza sababu alicheka. "Hatua thelathini? Hapo utatunga nini, kikohozi?"

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Barani. Binti yangu hutunga nyimbo kwenye simu, na wimbo unaisha kabla sijapata pa kukaa. Simcheki sana. Mimi na shahada yangu sijawahi kutunga hata wa kumbembelezea yeye. Juzi nilikuwa nakinga maji bombani huku nikiimba ule wa lambo, nikafika mahali pale, nikanyamaza. Binti yangu, aliyekuwa kando, akachomoa kifaa cha muziki sikioni.

"Mama, umesahau?"

"Sijasahau. Hapo tunashuka korongoni."

Akangoja, jambo ambalo kizazi chao hakilipendi. Nami nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika ya kumi na mbili ndoo ilikuwa imeshajaa, maji yananimwagikia miguuni.