Mtaa wa Kwenye Jalada la Daftari

Bado nausikia mlio wa karatasi ile ngumu, kraa, kraa, mama alipoikunja kufunika daftari langu la Jiografia. Leo nimefungua kalenda mpya ya Kichina dukani, na harufu ya wino wake imenirudisha pale.

Karatasi ilitoka kwenye gazeti la picha la Wachina, lililoandikwa kwa Kiswahili. Ilieleza mtaa mmoja wa mji wao: mto unaouzunguka pande tatu, lango walilopitia wauza hariri, ukuta wa kale uliobomolewa kupisha barabara. Niliusoma mpaka nikawa natembea humo kichwani, natabasamu mwenyewe.

Siku moja mwalimu mgeni, mama aliyehamia kutoka Moshi, aliuliza nani anaweza kueleza mtaa anaoujua.

"Mimi, mwalimu! Naujua wa China!"

Nikaumwaga wote, mto, lango na ukuta.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema. "Sasa tueleze mtaa wenu, Mfaranyaki. Mvua ikinyesha kwenu, maji yanaelekea wapi?"

Nikalitazama jalada la daftari langu.

"Yanakwenda China, mwalimu!" mtu akapaza sauti nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinitazama kwa upole, akingoja, kana kwamba jibu ninalo. Masikio yakapata moto. Sikuwahi hata kuangalia.

Jioni mvua ilipokatika, nilivua kandambili nikaufuata mfereji wa mbele ya nyumba yetu, peke yangu, nyuma ya maduka, kushuka bondeni, hadi ulipoingia kwenye kijito. Nikachuchumaa, nikatumbukiza mkono.