Leo nimefundisha wahadhiri

Leo nimefundisha wahadhiri wa chuo kikuu.

Uongo. Nilikuwa na mhadhiri mmoja tu, binti yangu Ndeshi, tena jikoni kwake hapa Moshi. Na kufundisha sikufundisha. Nilikuwa mwanafunzi mvivu.

Leo Ndeshi yuko ukumbi wa chuo, anawaonyesha wahadhiri wenzake namna ya kufundisha kwa kutumia akili mnemba. Asubuhi akataka kulijaribu somo lake kwangu.

"Baba, iulize kuhusu magonjwa ya kahawa, halafu unieleze."

Nikaiuliza. Ikaandika Kiswahili cha suti na tai. Nikakisoma kwa sauti ya mchungaji.

"Vizuri. Maana yake nini?"

"Muulize aliyeandika, Mwalimu. Mimi nimetumwa tu."

Nilidhani atacheka. Akaweka kikombe mezani.

"Wanafunzi wangu wananijibu hivyo hivyo, Baba. Ila wao wana adabu."

Akafuta nusu ya somo na kuondoka bila kumaliza chai. Sasa anataka wahadhiri wamwachie mwanafunzi aitumie hiyo mashine, kisha asimame aeleze kwa maneno yake. Somo hilo jipya hajalijaribu kwa mtu yeyote.

Tangu aondoke nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Simu hapokei. Nikiwa nimemwaibisha mbele ya wenzake, jioni namtazamaje?

Nyie wa kundi hili, chekeni tu.

Elibariki, nyumba yako inatazamana na ule ukumbi. Nilikushikia ng'ombe akichomwa sindano, akanikanyaga dole gumba la mguu, ukasema utanifaa siku moja. Ndiyo leo. Chungulia dirishani, uniambie kama wanamsikiliza au wanasinzia.