Kiwanja cha Mungu

Karani wa usajili hupuliza muhuri kama anayepoza chai, na sauti yake haipandi hata akigomba. Siku moja Wamethodisti walikuja kusajili wadhamini wa kushika kiwanja cha kanisa, kabla watoto wa mchungaji marehemu, aliyekiandikisha kwa jina lake, hawajakiuza. Karani akauliza kiwanja ni cha nani.

"Cha Mungu," mchungaji mpya akajibu, kifua mbele.

"Mungu hana sanduku la posta, baba. Ukuta ukimwangukia jirani, nani ataitwa mahakamani?"

Wazee wa kanisa wakaanza kukagua viatu vyao. Mwenyekiti wa akina mama, bibi wa mkongojo, akanyanyua mkono.

"Anza na mimi, mwanangu. Ukuta wenyewe tuliujenga sisi."

Karani akainuka, akampisha bibi kwenye kiti chake, akaandika amesimama.