Jogoo Niliyemletea Yudith

Yudith anaishi nje kidogo ya jiji la Mbeya, upande wa mlimani, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Viazi huku analima kila mtu. Yeye alijulikana kwa vifaranga.

Alikuwa na kuku majike kumi na wawili wa mistari, myeupe na myeusi mwili mzima, na jogoo mmoja mweusi tii. Kifaranga kikishatotolewa na kukauka, Yudith alikishika mkononi, akakitazama utosi, akasema papo hapo: huyu jogoo, huyu tetea. Chenye doa jeupe kichwani kilikuwa jogoo, chenye kichwa cheusi kitupu kilikuwa tetea. Sikuwahi kusikia amekosea. Anayetaka mayai hapendi kulisha majogoo miezi miwili ndipo ayatambue, kwa hiyo watu walikuja kwake hata kutoka Uyole.

Mimi ni seremala, jirani yake. Nilikuwa napita pale mara nyingi kuliko nilivyokuwa na sababu.

Mwaka juzi kicheche aliingia bandani akamuua yule jogoo mweusi. Wakati huo kikundi cha akina mama wa kanisani kilikuwa kimemwomba Yudith matetea arobaini, na mwenyekiti wao, Mama Goodness, alikuwa ameshawatangazia watu. Mimi nilikuwa naondoka kwenda Tosamaganga kwenye kazi ya kuezeka.

"Kaka Jailos," Yudith akaniambia, "ukirudi niletee jogoo kutoka huko Iringa. Awe na afya tu, rangi yoyote."

Iringa mjini nilikwenda kwa Arvind, mwenye duka la chakula cha mifugo, ambaye nyuma ya duka hufuga kuku. Alinionyesha majogoo wawili. Mmoja mweusi, upanga wake wa kichwani umechanika, mkia umebaki nusu. Mwingine wa mistari, kifua mbele, anatembea kama bwana harusi.

"Majike ya huyo mama rangi gani?" Arvind akauliza.

"Mistari. Huwatambua vifaranga kwa doa la kichwani."

"Basi chukua mweusi, ndugu yangu. Jike la mistari linawapa mistari watoto wa kiume tu, ndiyo maana wao wanatoka na doa. Lakini jogoo wa mistari anawapa watoto wote. Ukimpeleka huyo, kila kifaranga kitakuwa na doa, atatenganishaje?"

Nilimsikia vizuri. Nikafikiri, huyu mfanyabiashara anataka kuniuzia kuku mbovu. Tena nilitaka kumpelekea Yudith kitu cha kupendeza. Nikamchukua wa mistari.

Yudith alipomwona alipiga makofi. "Gwe! Huyu umemtoa ikulu? Ndaga fijo, asante sana, kaka." Aliniandalia chai na magimbi. Sijawahi kuipenda chai kama ile.

Alisubiri wiki kadhaa, kisha akaanza kukusanya mayai na kuyaweka kwenye mashine ya kutotolesha. Siku ya kutotoa, Mama Goodness alikuja na wenzake wawili, nami nikaitwa. Vilitoka vifaranga sabini na kitu. Yudith alikishika cha kwanza: doa. Cha pili: doa. Alivimaliza vyote, na vyote vilikuwa na doa.

"Majogoo matupu!" Mama Goodness akasema. "Yudith, umefungua kambi ya jeshi?"

Wenzake wakacheka. Yudith alicheka nao, lakini mikono yake iliendelea kugeuza vifaranga vile vile vya mwanzo.

Hapo ndipo maneno ya Arvind yaliponirudia. Nilijua kwamba nusu ya vile vifaranga ni matetea. Ilitosha kusema, "Dada, kosa ni langu, ni yule jogoo." Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kikombe mkononi, wanawake wanne mbele yangu. Nikasema, "Mvua inakuja." Nikaondoka.

Kesho yake Yudith alimpa vyote Rabson, muuza kuku wa Mwanjelwa, kwa bei ya kutupa, avikuze kwa ajili ya nyama. Akina mama wakanunua vifaranga kwingine.

Baada ya miezi mitatu Rabson alikuja na pikipiki mpaka uani, wakati kikundi kimekaa kikao pale pale.

"Mama, yale majogoo yako nusu yake ni mitetea! Siyachinji, nangoja mayai. Ukipata majogoo mengine ya namna ile, nipigie."

Mama Goodness hakucheka safari hii. "Yudith, macho yamezeeka," akasema. "Au sisi ndio hukutaka kutuuzia matetea?"

Tangu siku hiyo Yudith hakushika kifaranga kukitazama. Aliuza majike yake yote kumi na mawili. Nilikaa wiki tatu ndipo nikaenda kumweleza, nikamkuta anamenya ndizi. Nilimweleza yote, mpaka jogoo mweusi niliyemkataa.

Kisu kikasimama. "Kwa hiyo macho yangu hayana kasoro?"

"Hayana."

"Na ulijua siku ile ile?"

"Siku ile ile, dada."

"Umekaa kwangu, unakunywa chai yangu, unanitazama nachekwa." Hakupaza sauti. Akaendelea kumenya.

Jumapili nilimvizia Mama Goodness nje ya kanisa nikamweleza habari za jike na jogoo. Nilibabaika, nikachanganya, nikaanza upya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipiga begani. "Kaka Jailos, kijiji kizima kinajua unampenda. Usitunge mambo ya kuku kwa ajili yake."

Nilimwambia Yudith nitakwenda Iringa tena kutafuta jogoo mweusi, na majike ya mistari nitayanunua mwenyewe. Akajibu, "Mpelekee mwingine."

Mwezi uliopita aliniita nibomoe banda, apate mahali pa kuanikia mahindi. Nilifanya kazi hiyo kutwa nzima, kazi ya saa mbili. Nilikuwa nang'oa msumari mmoja mmoja na kuunyoosha, nikingoja atoke aniambie niache. Jioni alitoka, akaniuliza kama mbao zile zinafaa kwa kuni.

Nikamwambia zinafaa.